UZI: Bustani ya mimea ya asili kwenye udongo wa mfinyanzi, makosa ya wanaoanza na namna ya kuyarekebisha bila kung'oa kila kitu

Mzizi Mrefu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Maswali ya watu wanaoanza bustani za mimea ya asili kwenye mfinyanzi yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana. Miche ilipandwa, ikapendeza wiki za mwanzo, afu ikaanza kugeuka njano, ikawa inanyauka wakati udongo umelowa kabisa, mingine ikafa, na mwenye bustani akaambiwa udongo wako mbaya, toa wote uweke mwingine. Naomba niandike kwa urefu maana jibu la hivyo linawamalizia watu nguvu bure, na linaua bustani ambazo zingepona.

Mfinyanzi sio udongo mbaya. Chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, wakati punje ya mchanga inaanzia milimita 0.05 mpaka 2. Udogo huo unafanya jumla ya uso wa chembe iwe kubwa mno, na uso wenyewe una chaji hasi, ndo maana unashika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu visisombwe na mvua. Kwahiyo chakula kipo na maji yapo. Kinachokosekana ni HEWA. Matundu kati ya chembe ni membamba, yakijaa maji oksijeni haipiti, mizizi inakosa pumzi, na mzizi uliokosa pumzi hauvuti maji hata kama umekaa ndani ya tope. Hapo ndo unakuta mmea umelegea majani, mtu anaona kiu, anaongeza maji, anaumaliza.

Ukishika hilo la hewa basi makosa karibu yote ya mwanzoni unaona yanapotokea, kulima udongo ukiwa umelowa, kukanyagakanyaga, kufunika na nailoni, kupanda kwa kina, kumwagilia kila siku. Yote yanaziba hewa kwa njia tofauti.

Kabla hujashika jembe, pima kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, jaza maji, acha yaishe yote, afu jaza tena na hiyo ya pili ndo uipime kwa rula. Ya kwanza inadanganya kwa sababu mfinyanzi mkavu una nyufa na maji yanakimbilia humo. Yakishuka sentimita 2.5 hadi 5 kwa saa uko vizuri, mimea mingi itaishi hapo. Yakishuka chini ya 2.5 basi hiyo ni sehemu ya mimea inayovumilia maji kutuama, au sehemu ya kuinua tuta. Pima zaidi ya sehemu moja, bustani hiyo hiyo inaweza kuwa na kona mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Maswali karibuni, nitajibu kadiri ninavyoweza.

Sururu

Mkuu heshima kwako. Mi nimeambiwa nichanganye mchanga ili maji yapite, nimeshamwaga toroli kadhaa upande mmoja, vipi hapo?

Mzizi Mrefu

Mkuu simamisha hiyo kazi kwanza, usimwage zaidi. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauleti matundu, zile chembe ndogo zinaingia katikati ya punje za mchanga na kujaza nafasi yote, na ule mchanganyiko ukikauka unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Watu wanafyatulia tofali mchanganyiko wa aina hiyo hiyo. Ili mchanga ubadilishe tabia ya udongo inabidi uwe zaidi ya nusu ya ujazo wote, kwa kina chote cha mizizi, hakuna bustani ya kawaida inayohitaji mateso hayo.

Uliouweka tayari usihangaike kuutoa. Acha ulipo, weka mboji juu sentimita 2 hadi 5, funika na matandazo, panda nyasi za asili zinazoota kwa vichaka na zenye mizizi mingi, na usiulime tena. Itachukua misimu lakini itakaa sawa.

Bustani Kavu

Na jasi (gypsum)? Maana kila mtu akisikia mfinyanzi anasema weka jasi.

Mzizi Mrefu

Jasi ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, sodiamu nyingi. Kama udongo wako hauna tatizo la sodiamu jasi haitakufanyia lolote la maana kwenye upitishaji wa maji.

Kujua ni rahisi na hii napenda sana kila mtu aifanye. Chukua kidonge cha udongo MKAVU ukubwa wa punje ya mahindi, kidondoshe taratibu kwenye glasi yenye maji ya mvua, usikoroge, usitikise, kaa uangalie. Kwanza utaona vipovu vya hewa vinatoka. Afu kitatokea kimoja kati ya vitatu. Kidonge kikibaki kizima, udongo wako una muundo mzuri, shukuru. Kikibomoka kuwa vipande vidogovidogo lakini maji yamebaki maangavu, udongo umepungukiwa na mboji na umechoshwa na jembe, dawa yake ni mboji na kuachwa utulie. Kikianza kutoa ukungu kama wa maziwa pembeni yake, ukungu unaotandaa kwenye kitako cha glasi na hautulii hata baada ya saa kadhaa, hapo kuna sodiamu, chembe zinafukuzana badala ya kushikana. Hiyo ya tatu ndo ya jasi, kwa sababu kalsiamu iliyomo inachukua nafasi ya sodiamu, chembe zinaanza kushikana, na mvua inaiosha sodiamu kwenda chini. Na hata hapo maji lazima yapate njia ya kushuka, vinginevyo sodiamu inabaki palepale.

Tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa (distilled), usitumie ya bomba, maana ya bomba huwa na madini yanayoweza kuficha ule ukungu ukadhani uko salama.

Dada Mboji

Jamani mi naomba msaada wa dhati. Nilichimba mashimo mazuri, nikajaza mboji na udongo mweusi tifutifu, miche ikakua kwa kasi mpaka majirani wakauliza, sasa hivi imesimama haikui, majani ya chini njano, mvua ikinyesha ndo inazidi. Nimefuata kila nilichoambiwa na bado.

Mzizi Mrefu

Pole sana dada, na ushauri uliopewa ndo ule unaotolewa kila mahali kwahiyo usijilaumu. Shimo lenye udongo laini katikati ya mfinyanzi linageuka beseni. Maji ya mvua yanaingia haraka kwenye ule udongo laini, yakifika kwenye ukuta wa mfinyanzi yanagoma, yanabaki humo. Mizizi nayo inafika ukutani, inakuta pagumu, inarudi kuzunguka humo humo ndani. Mwanzo mmea ulikuwa mdogo na chakula tele ndo maana ulikimbia. Na kama uliweka kokoto chini ya shimo ili maji yachuje, hizo pia zinaharibu, maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwahiyo umesogeza tope karibu na mizizi.

Usiing'oe yote. Chagua mmoja ulio hoi zaidi, uutoe na udongo wake, uuangalie kwa makini. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na ukiuvuta kwa vidole unakaza. Uliooza ni kahawia iliyokolea au mweusi, ukiuvuta ngozi ya nje inachomoka kama soksi na kuacha uzi mwembamba katikati. Nusa udongo wa chini, kama una harufu ya mayai viza au una rangi ya kijivu inayoelekea bluu basi hakuna oksijeni hapo kwa muda mrefu. Ukiona mizizi imezunguka kwa umbo la kiriba, yaani ule mfuko wa miche iliotoka nao kitaluni, hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza.

Sasa matengenezo. Weka mmea kwenye ndoo ya maji, osha udongo wa kitalu wote utoke, kata mizizi iliyooza na inayozunguka, hii inaogopesha lakini mmea mchanga unahimili vizuri hali ya hewa ikiwa imepoa na mmea ukipata maji. Toa ule udongo laini kwenye shimo, usambaze juu ya bustani nzima. Panua shimo liwe mara 2 au 3 ya upana wa mizizi ila kina kisizidi mizizi yenyewe. Kuta za shimo zikwaruze kwa uma wa bustani, maana sepeto kwenye mfinyanzi unyevu linazilainisha mpaka zinang'aa, na ukuta uliong'aa mzizi mdogo haupenyi. Rudishia udongo ULE ULE uliotoka kwenye shimo, mfinyanzi wenyewe, hata kama roho inasita. Panda mmea ukiwa umeinuka sentimita 2 hadi 5 juu ya usawa wa ardhi maana utatitia. Mwagilia mara moja kwa kushiba ili udongo ukae, usiushindilie kwa mguu.

Mboji inakaa juu. Nyungunyungu na wadudu wengine wataishusha wenyewe, na wakishusha wanaacha njia, ambazo ndo hewa tunayoitafuta.

Dada Mboji

Asante mno. Ile inayoonekana na afya niiguse?

Mzizi Mrefu

Usiiguse dada. Mmea wenye machipukizi mapya na majani yenye rangi yake unakuonyesha mizizi imepata njia. Ongeza matandazo tu, basi.

Kijani Kibichi

Mkuu mimi nilitandika nailoni nyeusi nikatoboa matundu ya kupandia, juu nikaweka vipande vya mbao. Magugu yalikata kabisa ila sasa yanaota JUU ya nailoni na mimea haitanuki.

Mzizi Mrefu

Itoe. Najua ni kazi, ila kwenye mfinyanzi nailoni ni mbaya kuliko kwenye udongo mwingine wowote maana hewa ilikuwa haba tayari. Hata kile kitambaa kinachosemekana kinapitisha maji, vumbi na chembe laini zinaziba vitundu vyake baada ya muda. Mboji haishuki, nyungunyungu hawapandi, mimea ya asili inayojitawanya kwa vikonyo vya chini au kwa mbegu haina pa kwenda. Magugu ya juu yanaota kwenye vumbi na mbao zilizooza.

Kata vipande vipande kuzunguka shina, vuta taratibu, mizizi iliyopenya ikate na mkasi usiivute. Udongo utakaoukuta chini utakuwa umebanana na pengine unanuka. Usiulime. Choma uma mpaka mwisho, uutikise mbele na nyuma kidogo bila kugeuza udongo, sogea hatua moja ya mguu urudie, afu mwaga mboji nyembamba iingie kwenye yale matundu na ufunike na vipande vya mbao sentimita 5 hadi 10. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu wa wastani tu. Watu wanaogopa vipande vya mbao vitakula naitrojeni, vikiwa juu vinaikula pale vinapogusana na udongo tu, mizizi ya chini haipati shida. Kosa ni kuvichimbia ndani.

Na naomba muache sehemu kidogo bila matandazo, penye jua. Karibu asilimia 70 ya aina za nyuki wanachimba na kulea watoto ardhini, na kama tunapanda mimea ya asili kwa ajili ya viumbe basi tuwaachie na mlango.

Sururu

Unyevu wa wastani ndo upi mkuu? Mfinyanzi wangu ukilowa ni gundi ukikauka ni jiwe.

Mzizi Mrefu

Swali zuri sana. Chukua udongo wa kina cha kiganja, uviringishe kati ya viganja upate kamba nyembamba ya milimita 3 hivi. Ukifika wembamba huo bila kukatika udongo bado umelowa, usiuguse, usiukanyage, kila ukitia jembe unaufinyanga na kuua matundu. Ukikatikakatika kabla ya kufika hapo unaweza kufanya kazi. Ukiwa hauviringiki kabisa ni vumbi na mabonge, mwagilia jioni usubiri siku moja au mbili ujaribu tena.

Hii ya kufanya kazi kwenye tope ndo naiona imeharibu bustani nyingi kuliko zote. Mvua ikianza watu wana hamu ya kupanda, wanaingia na mabuti, na nyayo za siku moja zinabaki kwenye udongo kwa miaka. Weka njia za kudumu, mawe au mbao, na ukilazimika kuingia sehemu iliyopandwa weka ubao mpana ukanyage juu yake uzito usambae.

Mpanda Miti

Vipi miti na vichaka? Yangu miwili inakufa kuanzia juu.

Mzizi Mrefu

Chimbua udongo taratibu kwa mkono pale chini ya shina. Unatakiwa uone sehemu shina linapotanuka kuanza kugawanyika mizizi. Kama shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo, mti umepandwa kwa kina au matandazo yamerundikwa mpaka yamefukia shingo. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu kila saa, linaoza. Ondoa udongo mpaka utanuko uonekane, sogeza matandazo yaache nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina. Kama mti ni mdogo na umezama sana ni bora kuung'oa na kuupanda upya juu zaidi. Angalia pia kama kuna mzizi uliojizungusha shinani, huo ukate.

Bustani Kavu

Ila wengine mmesema mimea ya asili haihitaji mbolea wala maji. Yangu nimeiacha na imekauka.

Mzizi Mrefu

Hapana, msimu wa kwanza inahitaji kuangaliwa kama mmea mwingine wowote, mizizi bado iko kwenye umbo la kiriba. Ingiza kidole sentimita 5 hadi 10 chini pembeni ya mmea. Pakiwa na ubaridi na panashikana, usimwagilie hata kama juu pamekauka na kupasuka. Pakiwa pakavu, mwagilia polepole, kwa awamu, maana mfinyanzi unakunywa taratibu na ukiharakisha yanakimbia juu yote. Afu acha mpaka pakauke tena. Mwagilio wa juujuu wa kila siku unaweka mizizi juu, na nyufa zikifunguka ndo ya kwanza kukatika.

Mbolea za chumvichumvi acha kabisa. Mfinyanzi kwa kawaida una chakula cha kutosha, na mimea mingi ya asili ikipewa naitrojeni nyingi inarefuka, inakuwa laini na kuanguka. Fosforasi ikizidi nayo inafanya mmea upunguze ushirika na kuvu wa mikoriza, wale wanaoishi na mizizi, wakati nyuzi za kuvu hao ndo zinafunga chembe za mfinyanzi ziwe vidonge vyenye nafasi katikati.

Halafu kuna jambo la uchaguzi ambalo linaumiza sana. "Asili" haimaanishi asili ya nchi. Mmea wa nchi yako uliozoea miamba au kichanga ni mgeni kwenye mfinyanzi wako. Tafuta mimea ambayo porini inaota kwenye udongo kama wako. Udongo mweusi unaopasuka una watu wake, nyasi ya Themeda triandra na mgunga wa Vachellia drepanolobium vinaota humo vyenyewe kwenye savana za Afrika. Mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini zina Andropogon gerardii na Panicum virgatum. Mwanasayansi John Weaver wa Nebraska, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa anachimba mahandaki pembeni ya nyasi hizo na kuchora mizizi, na aliikuta imeshuka zaidi ya mita 2. Hakuna jembe linalofika huko. Kila mwaka sehemu ya mizizi inakufa na kuoza na kuacha mirija, maji na hewa vinapita humo, mizizi mipya inafuata njia ile ile. Ndo maana nasisitiza nyasi za asili ziwe sehemu kubwa ya bustani, wanaoanza wananunua maua tu halafu wanashangaa udongo haubadiliki.

Kijani Kibichi

Na sehemu maji yanapotuama kabisa? Nilitaka nimwage kifusi cha udongo mzuri juu.

Mzizi Mrefu

Usimwage tabaka juu ya tabaka, maji yatasimama pale udongo miwili inapokutana na mizizi itaishia hapo. Chimba bonde dogo pale pale chini, udongo unaotoka ujenge nao tuta la sentimita 20 hadi 30 pembeni. Ni udongo mmoja, hakuna mpaka. Bondeni panda mimea ya kandokando ya mito na vinamasi, juu ya tuta weka ile inayotaka miguu mikavu. Angalia tu maji yanayozidi yana pa kutokea na hayaelekei kwenye msingi wa nyumba.

Dada Mboji

Swali la mwisho mkuu. Bustani imeshachanganyika makosa yote haya, nianzie wapi?

Mzizi Mrefu

Anza na kuacha kumwagilia kwa ratiba, hilo ni la leo. Kesho yake fukua shingo za miti na vichaka, ni kazi ya mikono tu na inaokoa ya gharama. Nailoni kama ipo iondoke udongo ukishafika unyevu wa wastani. Vipimo vya shimo na glasi vifanye katikati ya hapo, ili ujue kona ipi ni ya mimea ipi. Kung'oa na kupanda upya subiri mvua zianze au hali ya hewa ipoe, na hata hapo gusa ile inayozidi kudhoofika tu. Nafasi zitakazobaki wazi zijaze na miche midogo ya nyasi, umbali wa sentimita 30 hivi, midogo inashika haraka kuliko ile mikubwa ya kwenye viriba vikubwa. Ukitoa ule wa kwanza piga picha mizizi yake na ukuta wa shimo uweke hapa tuone kabla hujaendelea na mingine.